Gari la Baba Mkubwa Halichaji

Kaka alisema angefika alasiri, na angekuja na bredauni, lile lori la kukokota magari mabovu. Kaka alikuwa mtu wa bima, yaani mtu anayelipwa mshahara kwa kuwaza mabaya kabla hayajatokea, na watu wa aina hiyo wakisema alasiri hawachelewi hata wakiugua. Ndiyo maana tangu asubuhi Fundi Cheche alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya gari la marehemu, miguu nje, kichwa ndani, tochi ameing'ata kwa meno. Alikuwa na matusi mengi ya kulitukana lile gari, ila tochi ilimzuia kuyatoa.

Cheche si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa fundi umeme wa magari na kila alipogusa waya uliokufa, ulifufuka. Watu walisema gari likimshinda Cheche, lipeleke kwenye vyuma chakavu ukanunue baiskeli. Sasa gari lilikuwa linamshinda, wala halikuwa la mteja. Lilikuwa gari la nyumbani, alilojifunzia kazi, na mji mzima ulikuwa umeliona likisukumwa barabarani yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Lilikuwa gari la Baba Mkubwa, mume wa dada mkubwa wa mama yake. Cheche alipofiwa na wazazi angali mdogo, Baba Mkubwa na Mama Mkubwa walimchukua wakamlaza chumba kimoja na mtoto wao wa pekee, na tangu siku hiyo huyo mtoto wao akawa Kaka. Mama Mkubwa, ambaye Cheche alimwita Mama tu, alikuwa mkunga. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake kabla ya kupita popote. Hakuwahi kubagua: wavulana wakikosa, aliwachapa wote wawili kwa mwiko uleule, na Cheche mpaka leo huuhesabu mwiko ule kuwa cheti chake cha kuzaliwa.

Baba Mkubwa alipofariki, watu walidhani gari litauzwa. Mama alichukua funguo msumarini, akaenda nalo sokoni, akarudi, akaliegesha chini ya paa la mabati, akaingia jikoni kuinjika sufuria. Mjadala ukaishia hapo. Likawa gari la Mama: la kijani, milango miwili, limezeeka kuliko Kaka, na usukani mwembamba uliong'aa pale mikono ya watu wawili ilipokuwa ikishika kwa zamu, miaka nenda miaka rudi.

Balaa lilianza siku Kaka alipokuja kusalimia. Mama alisema goti linamuuma, akamwachia Cheche aendeshe, yeye akabaki nyumbani. Katikati ya mlima wa tangi la maji gari likaanza kukohoa, likatetemeka, likafa. Kaka alishuka na viatu vyake vinavyong'aa, akasukuma. Dereva wa lori moja alipunguza mwendo ili acheke vizuri. Jioni, mezani, Kaka alisema maneno yake taratibu, kama anavyowasomea watu masharti ya bima.

"Ingekuwa Mama peke yake pale, ingekuwaje? Nikija tena, gari hili lipande mlima wa tangi. Lizimwe juu, liwashwe, lirudi. Likishindwa, linapanda bredauni, na Mama anapanda na mimi. Nyumba tunafunga."

Mama alitazama meza. Cheche ndiye aliyejibu.

"Litapanda," alisema. Mdomo huponza kichwa.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Nyumba ya Kaka ilikuwa juu kabisa kwenye jengo la ghorofa, na lifti yake ilikuwa ikizungumza. Mama alishawahi kulala kule usiku mmoja, akarudi amevimba miguu, akasema hata choo cha kule kinahitaji maelezo. Cheche akifikiria mlango wa nyumba hii umefungwa kufuli, na yeye, anayefanya kazi na kulala gereji, jioni hana pa kupita kuulizwa "umekula?", alijiona yatima mara ya pili. Mtu mzima mwenye ndevu, lakini ndivyo alivyojisikia, na kujidanganya hakukumsaidia.

Ugonjwa wenyewe wa gari ulikuwa wa kijinga. Betri ikilala kwenye chaja, asubuhi gari liliwaka kwa mguso mmoja na kunguruma vizuri. Litembee kidogo, taa zinafifia, honi inapiga kama mtu mwenye mafua, kisha injini inakatakata kwa kuwa plagi hazipati umeme wa kutosha. Mwishowe kimya. Gari lilikuwa linakula umeme bila kuingiza mwingine, na kazi ya kuingiza ni ya oltaneta, ile inayozungushwa na mkanda mbele ya injini.

Cheche alikuwa amebadilisha mkanda. Amebadilisha betri. Akashuku mfumo wa kuwashia, akabadilisha koili, na pointi, na kondensa, akasafisha kila mahali waya ulipogusana na bodi ya gari. Hatimaye aliing'oa oltaneta yenyewe akaipeleka kwa rafiki yake mwenye mashine ya kupimia. Kule ilizungushwa ikatoa umeme safi kabisa. Akairudisha garini, ikazunguka bila kutoa kitu. Nje mzima, nyumbani mgonjwa, kama mtoto siku ya mtihani.

"Umepata?" Sauti ya Mama ilitokea upande wa mlango.

Cheche alitoa tochi mdomoni. "Bado, Mama."

Mama alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi, mkono wa pili ukipindapinda fundo kwenye ncha ya kanga yake. Aliweka kikombe juu ya bodi pasipo kuangalia, akapapasa kidogo, akaokota koleo pale pale Cheche alipokuwa akilitafuta kwa muda mrefu, akampa. Mama alikuwa hivyo ndani ya nyumba yake. Hakutafuta kitu, alikijua kilipo.

"Usijiumize, mwanangu. Gari ni chuma tu."

"Chuma hiki kikigoma leo, unapelekwa kwenye lifti inayozungumza."

"Najua."

"Unataka kwenda?"

"Sitaki." Alilisema neno hilo haraka. "Sitaki kabisa."

"Basi niache nifanye kazi."

Hakuondoka. Alibaki pale akiuma mdomo, kama mtu mwenye jambo kooni, na Cheche, kwa kuwa alikuwa na hasira na waya, hakumtazama usoni. Baadaye alikuja kujilaumu kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Mama alivuta pumzi, akageuka, akarudi ndani huku vidole vyake vikiteleza ukutani.

Jua lilikuwa limeshaanza kuuacha ua. Cheche aliketi kwenye kiti cha dereva, akanywa chai iliyokwisha kupoa, akajaribu kufanya jambo ambalo mafundi hulifanya mwisho badala ya mwanzo, yaani kutulia na kufikiri. Oltaneta inafanya kazi kwenye mashine ya rafiki. Haifanyi kazi hapa. Je, ile mashine inaipa nini ambacho gari haliipi?

Hapo akamkumbuka Baba Mkubwa. Siku walipoitoa dinamo ya zamani na kuweka oltaneta, mzee alimwita karibu, na Mama alikuwa ameketi kiti hiki hiki cha mbele akifuma kitambaa. "Sikiliza," mzee alisema. "Hii kitu ina usingizi mzito. Hata ukiizungusha namna gani, haiamki mpaka iguswe bega na umeme kidogo kutoka kwenye betri. Na huo umeme unapita wapi? Unapita kwenye ile taa nyekundu ya dashibodi. Watu wanadhani ile taa kazi yake ni kutisha madereva. Ile ndiyo inayoiamsha."

Cheche alizungusha funguo kidogo bila kuwasha injini. Ilitakiwa taa nyekundu iwake. Haikuwaka.

Haikuwaka, na haikuwa imewaka siku zote hizi! Naye, Cheche mzima, fundi wa mafundi, kila alipotupa jicho pale na kuona giza, alijiambia: taa nyekundu haipo, basi oltaneta haina tatizo. Alichukulia ukimya kuwa ni uzima. Alitamani kujizaba kibao.

Alijitupa tena chini, akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akapita waya kwa waya mpaka akafika kwenye kishikizo cha taa. Akakivuta. Kikatoka chepesi. Akakimulika kwa tochi.

Hakikuwa na balbu.

Haikuwa balbu iliyoungua, wala iliyovunjika, wala waya uliokatika. Balbu haikuwepo. Kishikizo kilikuwa safi, kimerudishwa mahali pake vizuri, kwa mkono wenye adabu. Balbu haitoki yenyewe ikafunga mlango nyuma yake. Mtu alikuwa ameitoa.

Damu ilimpanda Cheche kichwani, kwa sababu alikuwa anamjua huyo mtu. Siku ile ya mlima wa tangi, kabla hawajaondoka, alimkuta Kaka amejikunja pale pale chini ya dashibodi, na alipomwuliza, Kaka aliinuka haraka akapangusa magoti, akasema kalamu imemdondoka. Mtu wa bima! Hata alipokuwa mdogo hakuwahi kudondosha kalamu.

Alisikia bredauni kabla ya kuiona. Ilikuja ikilia minyororo, ikasimama langoni na kuziba lango lote. Kaka alishuka upande wa abiria, shati jeupe, miwani usoni, saa mkononi. Dereva wa bredauni, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alibaki akiegemea usukani.

"Habari za hapa," alisema Kaka. "Limepona?"

Cheche alitoka garini na kishikizo kitupu kwenye kiganja.

"Iko wapi?"

"Iko wapi nini?"

"Balbu uliyoitoa hapa. Umeitupa au unayo mfukoni?"

Kaka alimtazama kama anayetazama dai la uongo. "Sijakuelewa."

"Utanielewa vipi? Siku ile nilikukuta umejikunja hapa chini. Ukatoa balbu, gari likaacha kuchaji, likatufia mlimani, nawe ukapata sababu ya kumchukua Mama. Nimekesha na gari hili! Nimechekwa na mji mzima! Nikatafuta mchawi mtaani kote, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Cheche, chunga ulimi."

"Nimeuchunga miaka yote. Toa balbu."

"Unaniita mwizi?" Kaka alisogea, na sauti yake ya masharti ya bima ikamtoka, ikaja nyingine ambayo Cheche hakuwa ameisikia tangu walipokuwa wakipigania godoro. "Unaniita mwizi kwenye nyumba ya baba yangu?"

Kwa miaka yote waliyoishi, iwe wakigombana, iwe wakipigana, hakuna aliyewahi kusema *baba yangu*. Ilikuwa ni Baba. Cheche alihisi neno lile likimchoma mahali alipodhani pameshapona. Aligundua kwamba mkono wake umeshika spana, na hakukumbuka kuiokota.

"Jamaa zangu," dereva wa bredauni aliita kutoka langoni, "mimi nizime injini au niwaitie mtu wa kuwaamua? Maana mafuta yanaungua."

"Ni baba yenu, nyote wawili!"

Mama alikuwa mlangoni. Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile iliyokuwa ikiwaambia wanawake wakati wa kusukuma na waume wakati wa kutoka nje. Cheche aliacha spana ikaanguka. Hata dereva wa bredauni alizima injini.

Mama alishuka ngazi za kibaraza, akaja mpaka katikati yao. Aliishika ncha ya kanga yake, akaanza kulifungua lile fundo, na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kusita popote, vilikuwa vinahangaika. Fundo likafunguka. Ndani kulikuwa na balbu ndogo, si kubwa kuliko ncha ya kidole.

"Msimtafute mtu," alisema. "Nimeitoa mimi."



"Ilikuwa kona ya sokoni," Mama akaendelea. "Kabla hujaja kututembelea, mwanangu. Nilikuwa natoka sokoni, taratibu kama kawaida yangu. Njia ilikuwa nyeupe, tupu. Nikasikia mwanamke anapiga kelele. Nikakanyaga breki, na mbele ya boneti alisimama mtoto. Mtoto mzima, na nguo nyekundu! Sikumwona hata kidogo. Alisimama pale ananitazama, na nadhani nilimzalisha mama yake."

Aliikunja ncha tupu ya kanga.

"Nilirudi nyumbani nikaapa sitaendesha tena. Lakini ningesemaje? Nikisema macho yamenipungua kidogo, wewe utanichukua. Nikikaa kimya, huyu ataniuliza kila siku, Mama mbona hutoki na gari? Nikaona afadhali gari ndilo liugue. Nilikumbuka maneno ya baba yenu kuhusu ile taa. Nikaingiza mkono nikaitoa. Goti langu halina neno, mnisamehe."

"Mama," alisema Cheche, na hasira ilikuwa bado inatafuta wa kumwangukia, "mimi nimelala chini ya gari hili mpaka mgongo umekufa. Wateja wananicheka. Ulikuwa unaniletea chai na balbu umeifunga kiunoni?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu ungelia," alisema Mama. "Nawe ukilia mimi siwezi."

Cheche tayari alikuwa anapangusa macho kwa mkono wenye grisi. Alimgeukia Kaka. Ilibidi amgeukie. "Nisamehe. Nimekusingizia."

Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. "Ile siku sikudondosha kalamu kweli," alisema polepole. "Nilipokuwa mdogo nilichora jina langu kwa msumari pale chini, karibu na miguu ya Baba. Alinichapa. Nilitaka kuona kama bado lipo." Akalitupia gari jicho. "Lipo. Na lile neno nililosema sasa hivi, lifute."

"Nimeshafuta," alisema Cheche. Ulikuwa uongo, ila ulikuwa uongo wa kuelekea ukweli.

Mtu wa bima hakai nje ya Kaka kwa muda mrefu. Alijinyoosha, akatazama saa. "Sawa. Basi mambo yako wazi. Mama haoni vizuri, hawezi kuendesha, hawezi kukaa peke yake. Twende, Mama. Nguo nitakusaidia kufunga."

"Ulisema gari likipanda mlima likarudi, nabaki," alisema Mama.

"Mama, hali imebadilika."

"Ulisema gari. Hukusema nani ashike usukani." Alimpa Cheche balbu. Ilikuwa na joto la mwili wake. "Irudishe. Twende tukajaribu. Ukishinda wewe, nitafunga nguo mwenyewe."

Cheche aliirudisha balbu kwenye kishikizo, na kishikizo mahali pake. Alizungusha funguo, na taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ndogo, kali, haina haya. Akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo. Taa ikafifia, ikazimika. Aligusisha waya wa kipimo kwenye betri kuhakikisha, na kipimo kikapanda. Moyo wake ulipanda nacho, kisha ukashuka, kwa sababu kuponya gari kulikuwa kitu kimoja, na sasa hakuwa na hakika kama gari ndilo lililokuwa mgonjwa.

Bredauni ilirudi nyuma kuwapisha. Mama aliketi mbele, kiti chake cha zamani cha abiria, Kaka akajikunja nyuma na magoti yake marefu. Walipita kona ya sokoni, na Mama akafumba macho mpaka walipoivuka. Kisha mlima ukaanza. Cheche aliingiza gia ndogo, akasikiliza kila kishindo cha injini. Pale lilipokufa siku ile, alisikia Kaka nyuma yake akibana pumzi. Gari halikukohoa. Lilipanda likinguruma kwa hasira za kizee, likapita tangi la maji, likafika juu, na Cheche akaliegesha kwenye kivuli cha tangi na kulizima.

"Hapo," alisema. "Sasa kuliwasha tena."

Alizungusha funguo nusu, akasubiri. Pale kivulini taa nyekundu iliwaka wazi kabisa, katikati ya dashibodi, ikapaka wekundu wake kwenye kucha za Mama aliyekuwa ameweka mkono chini yake.

Mama aliinama mbele. Aliielekezea uso taa ile, karibu kuigusa kwa pua, akakunja paji.

"Mbona haiwaki?" aliuliza. "Cheche, mbona taa haiwaki?"

Cheche aliitazama taa, akautazama uso wa Mama ulivyokuwa ukiitafuta. *Yamenipungua kidogo*, alikuwa amesema. Alizikumbuka siku zote za kabla ya mtoto wa nguo nyekundu, sokoni, kituo cha afya, gereji. Mama alikuwa akiendesha kwa kukumbuka njia.

Kiti cha nyuma kililia. Kaka alijisogeza mbele kati yao, akautazama mkono wa mama yake uliokuwa mwekundu.

"Inawaka, Mama," alisema. "Inawaka mbele yako."

Mama alikaa vile vile alivyoinama. Kisha aliegemea kiti taratibu.

"Basi mmejua," alisema.

"Unaona nini?" Kaka aliuliza, na hapakuwa na bima yoyote katika sauti ile. "Mimi unaniona?"

"Nakuona ukizungumza." Alipapasa nyuma akaukuta uso wake, akaupitishia vidole kuanzia paji mpaka kidevu, kama alivyowapitishia maelfu ya watoto wachanga. "Sikiliza, mwanangu. Siogopi giza, nimefanya kazi gizani maisha yangu yote. Nyumba ile naijua. Najua ngazi ipi ina ufa, najua sufuria ilipo, najua upepo wa dirisha la chumbani kwa baba yenu. Pale mimi ni mzee asiyeona vizuri. Kwako, kule juu, nitakuwa kipofu."

Upepo ulipiga tangi. Kaka aliondoa miwani yake, akaipangusa kwa shati jeupe, akaivaa, akaitoa tena. Cheche hakuthubutu kugeuka. Alishika usukani mahali palipong'aa, akangoja, na katika kungoja kule alijua kwamba gari limeshinda na kwamba ushindi wa gari haukuwa na maana yoyote. Lililobaki lilikuwa mdomoni mwa Kaka.

"Jumatatu tunaenda kwa daktari wa macho," alisema Kaka hatimaye. "Nakuja mwenyewe kukuchukua. Hakuna goti, hakuna kisingizio."

"Sawa."

"Funguo anakaa nazo Cheche."

"Sawa."

"Na usiku asilale mtu kule gereji. Alale kwenye chumba chetu." Alimgusa Cheche begani. "Washa gari."

"Twende wapi?" Cheche aliuliza. Alitaka kulisikia likitamkwa.

"Nyumbani kwa Mama. Na yule wa bredauni tukamwambie aende zake."

Cheche akawasha. Gari likaitika mara moja. Mama aliweka tena mkono wake juu ya dashibodi, uso mbele, akasikiliza.

"Taa imezimika?" aliuliza.

"Imezimika, Mama," alisema Kaka.

Walianza kushuka. Na njia nzima, Kaka, ambaye alikuwa bado ameegemea kati ya viti viwili, alimwambia mama yake kilichokuwa mbele: hapa kuna lori, hapa wanafunzi wanavuka, hapa ni kona ya sokoni, Mama, na njia ni nyeupe.